Meza ya kukatia ngozi: juu niweke nini? Niko Mbeya

Mkanda_Ilomba

Wakuu, habari za majukumu.

Niko Mbeya, Ilomba. Nashona mikanda, pochi na makubazi, na siku hizi zinaingia pia oda za mikoba ya kompyuta. Ngozi yangu ni ya ng'ombe, iliyosindikwa kwa magome, ile ya rangi ya mkate ambayo haijapakwa chochote. Naichukua nusu ngozi kwa nusu ngozi, unene kati ya milimita 2 na 4.

Mpaka sasa nakatia sakafuni juu ya kipande cha plaiwudi. Mgongo unalia, lakini mgongo nimeuzoea. Kinachonisumbua ni kisu. Nikishuka nacho kwenye rula ya chuma kinaanza vizuri, kikifika mbele kinavutwa pembeni chenyewe, na mkanda wa sentimita 4 unatoka na kiuno. Nimenoa, nimebadilisha kisu, hali ni ile ile. Nahisi ni pale chini.

Sasa nimepata chumba karibu na Mafiati, mita 3 kwa 4, dirisha moja kubwa. Nataka meza moja ya kueleweka, futi 4 kwa 8 ikiwezekana, ili nusu ngozi ilale yote bila kuning'inia. Miguu haina shida, nina jamaa anachomelea. Swali ni la juu tu.

Fundi vioo wa Mwanjelwa ananishauri kioo cha milimita 10, eti hicho kinadumu milele. Jamaa wa kuchomelea anasema weka bati la chuma la milimita 2, umemaliza. Mwingine anasema niagize Dar ule mkeka wa kijani wenye mistari ya sentimita, unaojifunga ukikatwa. Kila mtu anauza alichonacho.

Hapo hapo mezani nagonga pia: matundu ya mikanda, mashimo ya uzi, na mihuri ya nembo. Ngozi ya mihuri nailowanisha kwanza. Bajeti ya sehemu ya juu ni laki mbili na nusu, isizidi.

Naomba jibu la mtu anayekata kweli.

Stika_Soweto

Kioo, mkuu. Mimi nakata stika za magari na za maduka juu ya kioo miaka yote, hakina hata mchubuko. Gundi ikimwagika unaikwangua na wembe, unafuta, kazi inaendelea. Meza ya mbao utakuwa unabadilisha kila siku.

Mama_Ngozi_Kihesa

Kamwene wanangu. Niko Iringa, Kihesa. Natengeneza mikoba na mikanda, na nina vijana wanaojifunza kwangu, kwa hiyo meza yangu inakatwa na mikono ya kila aina, ya upole na ya hasira.

Nianze na kioo kwa sababu ndicho kinachopendwa. Huyu kijana wa stika hajakosea kwa kazi yake. Stika ni nyembamba, inakatwa kwa kidole kimoja, na kisu chake ni kile cha kuvunja ncha: ikifa, anavunja, anasogeza nyingine. Wewe unakata ngozi ya milimita 4 kwa nguvu ya bega. Ncha ikitoboa upande wa pili inakutana na kitu kisichobonyea hata kidogo. Hapo mmoja lazima abonyee, na si kioo. Utanoa asubuhi, saa nne unanoa tena. Tena kisu kwenye kioo kinateleza. Rula nayo inateleza. Ngozi isipokamatwa na kitu chini yake, inakimbia.

Lakini usigombane na fundi vioo. Mwambie akukatie kipande kidogo, sentimita 30 kwa 40, unene milimita 10, kingo azisugue zisikukate. Hicho ni cha kupunguzia unene wa ngozi kwenye kingo, pale unapokunja pochi au mdomo wa mkoba. Kazi hiyo kisu kinalala karibu bapa, kinateleza juu ya kioo bila kukichimba, na kioo kwa kuwa hakina bonde wala mlima, ngozi inatoka nyembamba sawasawa. Kwa kazi hiyo hakuna kitu kinachokishinda, labda kipande cha graniti iliyong'arishwa.

Bati la chuma sasa. Hapa nisikilize vizuri kwa sababu umesema unalowanisha. Ngozi ya magome ina tanini ndani yake, ile dawa ya magome iliyoisindika. Tanini ikikutana na chuma penye unyevu inatoa weusi, na weusi ule unaingia ndani ya ngozi, si wa kufuta na kitambaa. Sisi wa Nyanda za Juu ndio hatutakiwi kabisa kulishangaa jambo hili: Njombe pale miwati inalimwa kibiashara tangu 1949 ilipoanza kampuni ya TANWAT, na inalimwa kwa ajili ya dawa hiyo hiyo ya kwenye magome. Kuna mafundi wanaoloweka misumari na vyuma chakavu kwenye siki makusudi, kisha wanapaka maji yale kwenye ngozi ya magome ili iwe nyeusi tii. Wewe utaupata weusi huo bila kuuomba, kwa madoa madoa, katikati ya mkoba wa mteja. Limau linasaidia kidogo ukiwahi. Hata vumbi la chuma linalodondoka unaponoa kisu linatosha kuweka nukta nyeusi, kwa hiyo usinoe mezani, nolea mbali, ufute kisu kabla ya kurudi. Bati la mabati limepakwa zinki, utasema salama. Likishachorwa na kisu, chuma kinachungulia.

Mkeka wa kijani ni mzuri. Ninao. Ila ujue unanunua nini. Ule ni plastiki ya tabaka kadhaa zilizobanwa pamoja, kwa kawaida unene wa milimita 3. Ncha nyembamba ikipita, plastiki inaachana, kisha inarudi. Kwa kisu cha wembe na kisu cha gurudumu, raha tupu, na mistari ile inakupunguzia kupima. Lakini kisu kizito cha nusu mwezi kinachimba mtaro ambao haurudi. Panchi, kile chuma cha kugongea matundu, ndiyo usiseme, unatoboa mkeka kama unavyotoboa ngozi. Halafu ukubwa: ule wa A1 ni milimita 594 kwa 841, wa A0 ni 841 kwa 1189. Nusu ngozi yako ni ndefu kuliko yote miwili. Utakuwa unasogeza ngozi, na kila ukisogeza mstari unapotea. Jua la dirishani unalikunja ule mkeka, sufuria ya chai inaukunja, na ukishakunjika haunyooki tena. Kwa pochi na vitu vidogo, nunua hata ule wa A2. Meza nzima usiipigie hesabu ya mkeka.

Sasa mimi nimeweka nini. Chini kabisa plaiwudi ya milimita 18, imefungwa kwenye fremu kwa skrubu, hiyo haiguswi na kisu. Juu yake karatasi nzima ya MDF ya milimita 6, ya kuliwa. Haikugundishwa. Imeshikwa na skrubu chache pembezoni tu, vichwa vimezamishwa ndani ili kisu kisiviparamie. Upande wa juu ukishaparurwa, vijana wanafungua, wanageuza, upande wa pili unaanza kazi. Pande zote mbili zikichoka unatupa, unanunua nyingine. Ile iliyochoka siitupi yote, naikata violezo vya mifuko.

Kwa nini MDF? Kwa sababu haina uzi unaoelekea upande mmoja. Ni nyuzi fupi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na kubanwa na gundi, kisu hakikuti njia ya kukivuta. Kiuno cha mkanda wako kinatoka hapo. Kuna ubaya wake na nitausema: gundi iliyomo inachosha makali kuliko mbao laini, kwa hiyo nakipitisha kisu kwenye ukanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arishia mara kwa mara, kabla hakijafa. Na maji ni adui yake. Ikilowa inavimba na haipungui tena. Hapo ndipo mihuri yako inapokosa nafasi juu ya meza hii.

Mihuri iwe na mahali pake. Tafuta kwa mafundi wanaotengeneza meza za jikoni au mawe ya makaburi, waulizie masalia ya graniti, kipande cha sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 3 kama kipo. Wanayarundika nje, mengine wanakupa kwa soda. Mhuri unataka kitu kizito kisichoruka chini ya nyundo; ukigonga kwenye mbao inayodunda, nembo inatoka imefifia upande mmoja. Graniti pia hailetei ngozi iliyolowa weusi wala rangi. Ila panchi isiguse jiwe! Pigo moja tu, midomo ya panchi imelala.

Panchi inataka ubao mweupe wa plastiki, ule mnene wa kukatia nyama wanaouza maduka ya vifaa vya hoteli. Unauweka juu ya ile graniti, unagonga. Jiwe linatoa uzito, plastiki inapokea ncha.

Mtu atasema mama ameuliziwa meza moja ametaja vitu vinne. Ndiyo. Kukata, kugonga, kupunguza unene, ni kazi zisizopatana. Ukitafuta kitu kimoja cha zote utapata kitu kinachoua kisu, au kinachokufa wiki ya kwanza. Meza ya kukatia kazi yake ni kuliwa, ili kisu kisiliwe.

Stika_Soweto

Haya mama, nimekubali yaishe 😂 Ila kwangu kioo kinabaki.

Mama_Ngozi_Kihesa

Kibaki mwanangu, kazi yako ni ya kioo.

Tukuyu_Mjini

Mimi nina wazo la bei ya bure. Mabucha mengi yanaachana na magogo, wanaambiwa watumie misumeno ya mashine na meza za kisasa. Magogo yanatupwa. Chukua moja, lipige randa juu, una meza ya kugongea maisha yako yote. Wachinjaji wamepiga shoka pale miaka na gogo bado lipo.

Mama_Ngozi_Kihesa

Wazo la gogo ni sahihi, gogo lenyewe ndilo sitaki. Lile limekunywa mafuta ya ng'ombe kwa miaka. Utapiga randa leo linang'aa, kesho jua likitoka mafuta yanapanda juu tena. Ngozi ya magome isiyopakwa inanyonya mafuta hapo hapo na doa lake linabaki jeusi. Na harufu! Mteja anayenunua mkoba wa ngozi anaunusa kwanza, wote wananusa. Tafuta gogo ambalo halijaona nyama.

Randa_Mafinga

Salaam wote. Mimi si mtu wa ngozi, ni seremala, Mafinga. Nimeingia kwa sababu ya hilo la gogo, maana watu wanaona ubabe wa gogo bila kujua unatoka wapi.

Mbao ni kifurushi cha nyuzi zinazoelekea juu, kama mti ulivyosimama. Ubao wa kawaida unaoununua, nyuzi zimelala. Kisu kikipita juu yake kinafanya moja kati ya mawili: kinakata nyuzi kwa upana, kinaacha kovu na nyuzi zilizochanika, au kinazifuata kwa urefu, na hapo kinakwenda zinakokwenda zenyewe. Gogo la bucha limesimama. Nyuzi zote zinakutazama. Ncha inaingia katikati yake, zinaachana, ncha ikitoka zinarudiana. Ndiyo maana gogo halichakai haraka, na ndiyo maana panchi hailali midomo juu yake.

Ndugu wa Ilomba, plaiwudi yako ilikuwa inakuvuta kwa sababu hiyo hiyo. Plaiwudi nyingi zinazotoka viwanda vya huku kwetu juu zimevikwa ganda la paini au mkaratusi, lililomenywa kwenye gogo linalozungushwa. Paini ina mistari: mwaka wa mti una sehemu laini na sehemu ngumu. Ncha ikitoka kwenye laini ikagonga ngumu kwa mshazari, inakataa kuivuka, inateleza kando kando yake. Rula haiwezi kuzuia, maana ncha inayovutwa iko chini ya ngozi, huioni. Kunoa hakutatibu.

Kwa hiyo mama yuko sawa kuhusu MDF kwa kukatia. Ila kwa kugongea, kama hupendi plastiki, jitengenezee gogo. Nunua mbao za mbili kwa nne, zikate vipande vya sentimita 10, visimamishe, vigundishe kimoja kwa kingine kwa gundi nyeupe ya mbao mpaka upate mraba wa sentimita 30 hivi. Pitisha vyuma viwili vyenye nyuzi za bolti kutoka ubavu hadi ubavu, kaza kwa nati. Gundi ikikauka piga randa na msasa. Huo ni mchana mmoja wa kazi, na mbao unaweza kuokota masalia kwa fundi paa yeyote.

Mbao gani? Paini inafaa, ni laini na ncha inaipenda, ila chagua isiyo na vifundo. Kwenye vifundo kuna utomvu, ukipata joto unanata na unahamia kwenye ngozi. Saiprasi ni bora zaidi kidogo. Mkaratusi mgumu, lakini unapasuka ukikauka, utanuna nao. Mninga nisingeuweka chini ya ngozi ya rangi ya mkate yenye maji, ule mti ukiwa hai ukiukata unatoa utomvu mwekundu mithili ya damu, na sitaki kujaribu bahati ya mkoba wa mtu. Tena mninga kwa kupigwa nyundo ni dhambi.

Jambo kubwa ni ukavu. Mbao nyingi zinazopakiwa hapa Sao Hill na kushushwa Makambako na Mbeya zimepasuliwa juzi. Ukitengeneza gogo kwa mbao mbichi mwezi wa tatu, ukifika mwezi wa nane kila kipande kimesinyaa na una mianya ya kuingiza shilingi. Chukua mbao, zipange kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite, zikae. Au nunua kwa mtu mwenye tanuri la kukaushia. Usipake vanishi juu. Vanishi itapasuka chini ya panchi na magamba yake yatajichapa kwenye ngozi. Iache mbao uchi.

Mkanda_Ilomba

Mama shikamoo, na seremala asante sana. Ndaga fijo. Hapo kwenye ncha inayovutwa chini ya ngozi nimeelewa kitu ambacho nimekilaumu kwenye visu muda mrefu.

Nina maswali madogo. Kwanza, kuna mtu hapa Mbeya ana shiti nzima ya ile plastiki nyeupe, mita 2 kwa 1, milimita 10. Bei yake inakula karibu bajeti yote. Je, si afadhali niweke hiyo meza nzima, nisahau MDF? Pili, kuna mkanda wa konveya wa kiwandani, ile raba nene nyeusi yenye nyuzi ndani, unauzwa chakavu rahisi sana. Tatu, jirani yangu ukuta kwa ukuta ana mtoto mchanga, na mimi nagonga mpaka usiku.

Mama_Ngozi_Kihesa

Marahaba.

Plastiki. Ukiweza kuilipa bila kulia, ni nzuri kuliko MDF: hailowi, haivimbi, makali yanadumu, makovu unayakwangua kwa kisu kipana au seremala anayapiga randa. Lakini ziko aina mbili na zote ni nyeupe. Kuna ngumu na kuna laini, zote polietilini. Jaribu na kucha: laini inapokea alama ya kucha kidogo, ngumu haipokei. Kwa kukatia mimi nachagua laini, kisu kinazama kidogo na kushikwa. Ngumu ni nzuri kwa panchi, ila kisu kinaiona kama kioo cha bei nafuu.

Usiigundishe. Gundi zetu hazishiki plastiki hiyo, utapoteza kopo zima. Na usiikaze kwa skrubu pande zote. Plastiki ile inarefuka na joto kuliko mbao mara nyingi sana. Shiti ya mita 2, asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba hapo Mbeya na mchana jua linapoingia dirishani, tofauti ya nyuzijoto 15 si ajabu, na hapo inaweza kurefuka milimita 4 hivi. Ukiwa umeikaza itafanya tumbo katikati. Iache ilale kwa uzito wake, weka vizuizi vidogo vya mbao kwenye pembe, basi.

Ila kwa laki mbili na nusu, mimi bado ningekwenda na MDF, na pesa inayobaki nikanunua rula ya chuma ya mita moja iliyo nzito. Watu wanahangaika na meza na rula yao inapinda kama ulimi.

Konveya: juu, hapana. Raba inashika kisu, unasukuma kwa nguvu, kisha kinachomoka ghafla na kidole kipo mbele. Na ule weusi wake unahamia kwenye ngozi nyeupe. Chini, ndiyo! Kata kipande, weka chini ya graniti. Pigo halishuki kwenye miguu ya meza, na mtoto wa jirani atalala. Kugonga nako fanyia juu ya mguu wa meza, usigonge katikati. Katikati meza inaruka, pigo linapotea hewani, na wewe unaongeza nguvu na kelele. Bora zaidi ni kigogo chako cha kugongea kisimame peke yake sakafuni, kwenye stuli nzito. Mbali na ukuta wa mwenye mtoto.

Tukuyu_Mjini

Kwa hiyo gogo la bucha limekataliwa kabisa? 😄 Mimi huku Tukuyu kwa mvua zetu MDF si itaota uyoga?

Mama_Ngozi_Kihesa

Tukuyu ni habari nyingine, huko hata kiatu kinaota uyoga kabatini. Kama paa halivuji na meza haigusi ukuta, MDF inaishi. Uipake nta ya mshumaa pembezoni, kwenye unene wake, maana maji yanaanza kuingilia hapo, siyo juu. Juu usipake, nta itahamia kwenye ngozi na rangi haitashika. Lakini ningekuwa Tukuyu ningejibana ninunue plastiki.

Randa_Mafinga

Nyongeza mbili za useremala, halafu nirudi kazini.

Plaiwudi na MDF zote ni futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244. Usije ukaunganisha vipande viwili vya MDF juu kwa sababu umevipata bei poa. Kwenye kiungo kisu kitadumbukia tu, hata uunganishe vizuri vipi. Kama huna namna, kiungo kiwe kwa upana wa meza, karibu na mwisho, mahali usipokatia mikanda.

Urefu wa meza kwenda juu: simama wima, viatu vya kazi mguuni, kunja kiwiko. Juu ya meza iwe chini ya kiwiko kwa kiasi cha sentimita 10 hadi 15. Wengi inaangukia sentimita 90 hadi 95. Meza za kulia chakula ni 75, usimwambie mchomeleaji "ya kawaida", atakutengenezea ya kulia ugali. Mgongo umesema umeuzoea, sawa, lakini unakata kwa bega: meza ikiwa fupi bega halifanyi kazi, unakata kwa kiuno.

Na fremu ya chuma ipigwe rangi yote, hasa ukingo wa juu. Mama amesema habari ya chuma na ngozi iliyolowa. Nusu ngozi ikining'inia pembeni itagusa fremu kabla haijagusa kitu kingine.

Mkanda_Ilomba

Hilo la fremu nisingelifikiria. Nitamwambia apige na rangi ya kuzuia kutu kwanza.

Basi nimeamua hivi: plaiwudi ya 18 chini, MDF ya 6 juu, kioo kidogo kwa fundi wa Mwanjelwa asione nimemtupa, graniti nitaulizia kwa wachonga mawe ya makaburi. Konveya kipande cha kuweka chini ya jiwe. Kigogo cha kugongea nitaanza kukausha mbao, kwa sasa nagongea ubao wa plastiki. Meza naielekeza wapi kwa dirisha? Natumia mkono wa kulia.

Mama_Ngozi_Kihesa

Dirisha liwe kushoto kwako, urefu wa meza ukiambaa sambamba na mwanga unavyoingia. Likiwa kulia, kivuli cha mkono wako mwenyewe kinalala kwenye mstari unaoukata. Likiwa usoni kwako, mwanga unarudishwa na rula unakupofusha. Na uzunguke meza pande tatu angalau. Ukiisukuma ukutani, upande wa ukutani unakuwa ghala la mabaki na utabaki na nusu meza.

Chumba chako ni mita 3 kwa 4, meza ni mita 1.22 kwa 2.44. Inaingia, lakini mashine ya kushonea utaiweka kona.

Randa_Mafinga

Inaingia chumbani, ndiyo. Mlangoni je? Fremu ya mita 1.22 iliyochomelewa na miguu yake haipiti mlango wa kawaida hata uilaze ubavu, miguu itagoma. Pima mlango kabla jamaa hajawasha mashine ya kuchomelea.

Mkanda_Ilomba

Nimetoka kupima sasa hivi. Sentimita 78, na kuna kona mbele yake. Miguu ya bolti basi, nampigia simu kabla hajakata vyuma.